Arobaini ya Goti

Sikubadilishwa goti ili nitembee vizuri mjini. Mjini nilikuwa natembea. Nilichechemea, niliegemea ukuta nikiandika ubaoni, lakini nilifika nilikokwenda. Nilibadilishwa goti ili nipande kwa mama.

Mama alikaa juu ya Matombo, mahali ambapo barabara inakuacha mapema. Pikipiki inakushusha mtoni, unavuka kwa kukanyaga mawe, halafu unapanda katikati ya migomba na midalasini kwa saa moja na nusu, kama una miguu. Njia yenyewe ni ngazi za udongo na mizizi, na kila ngazi inataka goti likunje kweli kweli. Nilizaliwa huko. Niliikimbia njia hiyo na ndoo kichwani. Nilipofika miaka hamsini na sita, goti la kulia lilikuwa limelika mpaka mfupa unasaga mfupa, na kwa miaka minne sikukanyaga nyumbani. Mama alikuwa ananiambia kwenye simu, "Njoo ulale kwangu siku moja kabla sijafa," na mimi namjibu aache maneno ya kufa, kwa sauti ile ile ninayonyamazishia darasa.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam. Siuelezi, kwa sababu nililala mwanzo nikaamka mwisho. Ninachokumbuka ni karatasi. Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi mbili za maelekezo ya nyumbani, zimebanwa pini, na daktari akazigonga kwa kidole. "Mwalimu, chuma tumeshaweka. Kukunja ni kazi yako. Wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua. Zikipita, nyama za ndani zinakomaa na goti linabaki pale lilipo."

Nilizisoma mara mbili, nikazipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kunja goti kila saa, hata kama linauma. Weka barafu, usiweke joto. Usiweke mto chini ya goti hata kwa muda mfupi, maana litazoea kupinda na halitanyooka tena. Weka taulo chini ya kisigino, goti lishuke lenyewe. Tembea kila siku. Fika kwa mtaalamu wa mazoezi mara mbili kwa wiki. Hapakuwa na neno gumu. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

Binti yangu alinirudisha nyumbani Mwembesongo, akakaa nami mpaka nyuzi zilipotolewa, halafu akarudi kazini kwake Dodoma. Siku hizo nilikuwa mwanafunzi mzuri. Barafu tulichukua kwa jirani anayewauzia watoto, zile za kwenye vifuko vya nailoni, na goti langu likanukia ubuyu. Niliburuta kisigino kitandani kuelekea makalioni, nikahesabu hadi kumi, machozi yakanitoka. Nilikuwa sijawahi kuumia vile, hata nilipojifungua.

Mtaalamu wa mazoezi katika hospitali ya hapa Morogoro alikuwa dada niliyemfundisha darasa la nne. Aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kisha akaushika mguu wangu na kuukunja bila huruma yoyote. Alikuwa na kipimo cha plastiki, kama vile vya kwenye mkebe wa hesabu. "Digrii sabini," alisema siku nyuzi zilipotoka. "Tukipita mia, mwalimu, unakwenda kwa bibi kwa miguu yako." Nilitoka pale nimefurahi. Sabini ndani ya wiki mbili! Nilijiona nimeshavuka mto.

Siku iliyofuata mama alikuja.

Alishuka mlima kwa miguu yake, mwanamke wa miaka themanini na zaidi, akavuka mawe, akapakiwa kwenye pikipiki, akapanda basi, akatokea mlangoni kwangu adhuhuri. Hakuwa amepiga simu. Alisema hatoi taarifa kwa mtoto aliyemzaa. Alichuchumaa sakafuni kufungua furushi lake, akatoa chupa ya mafuta ya nyonyo na majani ambayo mpaka leo sijui jina lake, akainuka bila kushika kitu. Mimi mwanawe nilikuwa kitandani na goti la kiwandani.

"Mimi niliyekuzaa sijabadilishwa hata jino," alisema, akacheka. Kisha akafunua khanga, akaliona kovu, akaacha kucheka. Lilianza juu ya goti likashuka mpaka chini, jekundu, na alama za nyuzi pembeni. Alilifuata kwa kidole bila kuligusa.

"Wamekuchana kama mzazi," alisema. "Basi una arobaini yako."

Kwetu mwanamke akijifungua anawekwa ndani siku arobaini. Hatoki, hapiki, hainui kitu. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wenye pilipili manga, na mwili wake unarudi. Mama alinilea hivyo nilipomzaa binti yangu, na mwili wangu ulirudi. Hakuwa mjinga. Mikono yake iliwatoa salama wazazi wengi wa mlima ule, na ilipoona mwanamke aliyechanwa amelala kitandani, ilijua la kufanya.

Alilitoa taulo chini ya kisigino changu kama kitu kilichosahaulika pale. Akachukua mto mnene, akauweka chini ya goti.

Loo! Maumivu ya wiki mbili yalishuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama," nilisema, "karatasi inasema mto usiwekwe hapo."

"Karatasi imezaa wangapi?"

Nilicheka. Huo ndio ubishi wote nilioutoa.

Kuanzia hapo nikawa mzazi. Asubuhi alichemsha majani, akachovya taulo, akalikanda goti kwa maji ya moto mpaka ngozi ikang'aa, akalipaka mafuta ya nyonyo, akalifunga kwa khanga, akalirudisha juu ya mto. Jioni hivyo hivyo. Kwenda chooni alinishika kiuno, hatua kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, na hizo ndizo zilikuwa kutembea kwangu. Majirani walikuja kunijulia hali na uji na supu, na kila aliyeingia aliusogeza ule mto vizuri zaidi chini ya goti. Niliposema nina miadi hospitalini, mama alisema mzazi hatoki. Nikakosa miadi ya kwanza. Nikakosa na ya pili.

Yule dada wa mazoezi alinifuata nyumbani mwenyewe, baada ya saa za kazi, na begi lake begani. Alilifungua goti, akalikuta limevimba na linachemka. Aliutoa mto, akashika kifundo kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, akaanza kukunja. Nikapiga ukelele.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe mtoto, umeshazaa?"

"Bado, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ungekuwa umezaa ungejua. Mzazi hakunjwikunjwi hivyo. Achia mguu wa mwanangu."

"Bibi, hili ni goti," alisema taratibu, bila kuuachia. Kisha akanigeukia. "Mwalimu?"

Alikuwa ananisubiri. Ilitakiwa sentensi moja tu kutoka kwangu: mama, mwache afanye kazi yake. Ninaifahamu sentensi hiyo vizuri sana, nimeisema kimoyomoyo mara nyingi tangu siku ile. Mama alikuwa amesimama na mwiko, ameshuka mlima mzima kwa ajili yangu, anapumua kwa hasira ya kuniona ninalia.

"Basi mwache kwa leo," nilimwambia yule dada. "Utakuja siku nyingine."

Alikusanya vitu vyake. Mlangoni alisema, kwa adabu zote, "Leo ni siku ya ishirini na moja, mwalimu. Tumefika nusu." Mama alimfungia mandazi kwenye gazeti ale njiani.

Nisimsingizie mama. Kwa miaka mingi watu nikiwasimulia habari hii wanatikisa kichwa na kusema, wazee wetu, mila zetu, na mimi nawaacha waseme. Lakini mama hakujua kusoma, na mimi nilijua. Mimi niliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa kutofanya kazi ya nyumbani, niliilaza karatasi ya mistari myekundu chini ya godoro ili nisiione. Nilikuwa nataka ule mto. Nilikuwa nataka kulala mchana nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo, na mikono ya mama yenye sugu ikinikanda huku akinisema kwa uvivu wangu wa utotoni. Hakuna aliyenishika hivyo tangu mume wangu afariki. Heshima kwa mzazi ilikuwa kisingizio tu, na nilikitumia vizuri.

Siku ya arobaini, akihesabu tangu siku ya kisu, mama aliniogesha, akanivalisha doti mpya, akapika wali na kuku, akanitoa nje. Majirani walikaa barazani. Nilitoka nimeegemea kitembezi cha chuma, mguu umepinda kidogo kama mguu wa kuku, nikaketishwa kwenye kiti kirefu. Mmoja akapiga kigelegele. Mama alikuwa anang'aa, kazi yake imekwisha na mgonjwa wake anatembea.

"Linakunja?" aliniuliza mbele ya watu.

Nilikuwa nimejaribu asubuhi ile bafuni. "Linakunja, mama."

"Sikukwambia? Sasa utapanda."

Kesho yake akarudi kwake. Mimi nikaenda hospitalini. Yule dada alipima, akapima tena. "Arobaini na tano," alisema. Halikunyooka pia. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliandika kwenye kadi yangu kwa mwandiko wa kuunganisha niliomfundisha mwenyewe, akanipa barua ya kurudi Dar es Salaam.

Kule walinilaza kwa dawa wakalikunja kwa nguvu. Daktari alisema nikiwa nimelala lilifika themanini. Niliamka goti limevimba kuliko siku ya upasuaji, na safari hii nilifanya kila kitu: barafu, kisigino, kila saa, nikilia peke yangu ndani ya nyumba tupu. Lilirudi sitini, likaganda hapo. Nilipouliza kama wanaweza kurudia, daktari alisema wanaweza kuvunja mfupa. Alisema pia kwamba goti lenyewe lilikuwa limewekwa vizuri sana.

Kwa sitini unaweza kufundisha. Unaweza kukaa kwenye bajaji ukiweka mguu juu ya kiti. Huwezi kuchuchumaa chooni, huwezi kukaa mkekani, na sijda unaileta ukiwa kitini kama bibi harusi. Na huwezi kuvuka mto kwa mawe.

Nilijaribu. Jumamosi moja ya kiangazi nilikwenda mpaka mtoni bila kumwambia mtu, nikiwa na fimbo. Jiwe la kwanza ni la chini, nilipita. La pili liko juu ya la kwanza kwa urefu wa ndoo. Nilitanguliza mguu mzima, wa chuma ukabaki nyuma, ukakataa kuinuka. Nilitanguliza wa chuma, ukagonga jiwe. Mara ya tatu nilianguka majini. Mama mmoja aliyekuwa anafua alinivuta, akanikalisha, akanikamulia nguo. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani huko juu. Nikamtajia nyumba isiyo yetu.

Kwenye simu mama aliuliza, "Linakunja?" Nikasema linakunja. "Mbona huji?" Nikasema mvua. Mvua zikaisha, nikasema kazi. Kila mara nilidhani ninamtunza. Nilimfikiria akijua kwamba mikono yake ndiyo iliyoligandisha lile goti, na nikaona uongo wangu ni mdogo, wa kumpa usingizi mtu mzima. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumanne moja mdogo wangu alipiga simu. Yeye ndiye aliyekaa na mama kule juu. Alisema mama anakohoa siku ya tano, pumzi inakata, vijana wameleta machela ya kumshusha kituo cha afya naye amekataa.

"Anasema wewe unakuja. Anasema hawezi kushuka, ukifika ukute kitanda kitupu. Dada, njoo. Akikuona atakubali."

"Nitakuja."

"Kama goti bado linakusumbua, vijana wako hapa na machela. Watakufuata mtoni wakubebe."

Nilikuwa barazani, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Nikaona picha nzima: mimi napandishwa kama mzigo, naingizwa mlangoni, mama anainua kichwa chake kitandani na kuutazama mguu. Asingehitaji kuambiwa.

"Goti halina shida," nilisema. "Ninasahihisha mitihani. Nikimaliza nakuja."

"Lini?"

"Keshokutwa."

Ilikuwa likizo. Sikuwa na karatasi hata moja ya mwanafunzi ndani ya nyumba. Jumatano alipiga tena, nikajibu yale yale. Akasema haya, dada. Alhamisi simu haikulia kabisa, na ninaona haya kuandika kwamba nilishusha pumzi.

Mama alifariki Ijumaa asubuhi.

Machela niliyoikataa Jumanne nilipanda nayo Ijumaa. Vijana wanne walinibeba, wanne wakafuata kupokezana. Lile jiwe la pili walilikanyaga bila hata kulitazama. Nililala chali nikaangalia majani ya migomba yanapita, nikasikia wanahema, na hakuna aliyenisemesha. Tulipofika walikuwa wameshazika. Waliomwosha walikuwa wengine, si mimi mtoto wake wa kwanza.

Ndani wanawake walikuwa mkekani, miguu wameinyoosha, wamejifunika khanga. Walinisogezea nafasi kando ya mdogo wangu, nikasimama tu pale juu yao mpaka mtu akaelewa, akaenda kuazima kiti cha plastiki. Nikakaa juu ya msiba wa mama yangu kama msimamizi wa mtihani. Mdogo wangu hakuinua uso.

Kisha akaja mtani. Kwetu mtani ana ruhusa msibani. Anaweza kumwigiza maiti, anaweza kumwigiza mfiwa, na mfiwa haruhusiwi kununa. Huyu aliniona nikishushwa. Aliwashika vijana wawili wambebe mikononi, akatoa mguu mmoja mbele umekakamaa kama mchi, akaingia hivyo mpaka katikati ya mkeka. "Taratibu jamani! Goti la kigeni hili, halijui kukunja! Nishusheni kitini, mkekani kwenu kuna nini?" Wanawake walicheka wakiziba midomo kwa khanga, hata shangazi zetu. Mimi pia nilicheka, kama inavyotakiwa.

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameinua uso na anautazama mguu wangu, aliokuwa hajauona tangu kabla ya upasuaji. Mtani alipotoka alijisogeza kwa makalio mpaka miguuni pangu, akauweka mkono wake juu ya goti, akausukuma mguu chini ya kiti, pole pole, kama mtu anayejaribu mlango. Haukwenda.

"Tangu lini?"

"Tangu arobaini."

Hakuuliza arobaini ya nani. Aliacha mkono pale pale, akatazama mlango wa chumba cha mama.

"Alisema tusikupigie tena," alisema. "Alisema tusikusumbue, unasahihisha mitihani. Sikumwambia kwamba shule zimefungwa."